Benzokwinoni: kinga macho kabla ya mikono
Kama kazini kwenu mnatumia benzokwinoni, zile chembe za manjano zenye harufu kali inayokaribia ya klorini, fikiria macho kwanza. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 115 hivi, ila haingoji kufika huko: hata kwenye joto la kawaida la chumba hutoa mvuke moja kwa moja bila kupitia umajimaji. Angalia chini ya kifuniko cha chupa iliyokaa muda mrefu; vile vijisindano vya manjano vilivyonata pale ni mvuke ulioganda tena.

Mvuke huo ukikupata siku baada ya siku, weupe wa jicho hupata madoa ya kahawia na konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, huweza kuharibika. Si ajabu kikomo cha hewa ya kazini nchini Marekani ni sehemu 0.1 tu kwa milioni. Miwani ya kawaida ni ya kujidanganya. Vaa ile inayoziba pande zote, na upimie ndani ya kabati la kufyonza hewa. Glavu pia, maana benzokwinoni hugeuza ngozi kuwa ya kahawia.

Wengi huinunua kutengenezea haidrokwinoni, kemikali ya kusafishia picha, au kuzuia malighafi ya plastiki isigande kabla ya wakati.

Ikimwagika usiifagie kavu, vumbi litapaa. Na usiirundike ikiwa na unyevu karibu na joto: ikipita nyuzijoto 60 huanza kujivunja yenyewe, ikizidi kupata moto na kutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu.