Somo: Kampuni ya intaneti ikinunua kampuni ya magazeti na tivii, uangalie nini kabla hujagusa hisa

Wanakikundi habari za jioni, juzi pale Mwanga, hapa Kigoma, mlinibana sana kuhusu hisa za intaneti na haya makampuni yanayonunuana, nikawaahidi ntaandika nikitulia, haya leo nimetulia.

HATUA YA 1: Uliza analipa na nini. Hii ndo mama wa zote ntakaa hapa kidogo. Chukulia jamaa wa Kibirizi anautaka mtumbwi wako na injini yake. Akikupa hela mkononi mmemalizana, ziwa likichafuka kesho ni shauri lake. Ila akisema ntakulipa kwa magunia ya dagaa, tena anayapigia hesabu kwa bei ya mbalamwezi, siku ambazo taa hazivutii samaki na dagaa adimu bei iko juu, hapo shtuka. Wiki mbili giza linaingia, mitumbwi inarudi imejaa, dagaa wanashuka bei na mtumbwi ndo umeshaondoka. Magunia ni yale yale ila hayanunui tena kitu kile.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa AOL na Time Warner. Tarehe 10 Januari 2000 AOL, kampuni ya kuunganisha watu intaneti Marekani, ilitangaza inaichukua Time Warner, wenye CNN, jarida la Time na studio za Warner Bros, dili la kama dola bilioni 165 na malipo ni hisa. Kila hisa 1 ya Time Warner ikabadilishwa kwa hisa 1.5 za kampuni mpya, na watu wa AOL wakaondoka na 55% ya umiliki wakati Time Warner ndo ilikuwa na mauzo ya mwaka makubwa mara kadhaa kuliko ya AOL. Miezi miwili tu mbele, 10 Machi 2000, soko la hisa la Nasdaq la Marekani, lenye kampuni nyingi za teknolojia, likafika kilele cha pointi 5,048 halafu likaanza kuporomoka hadi Oktoba 2002 likawa 1,114. Dili lilikamilika Januari 2001 bei zikiwa zinashuka na ule uwiano wa 1.5 haukubadilika. Mbalamwezi ilishaisha jamani.

HATUA YA 2: Angalia hela inatoka wapi. AOL ilikula ada ya kila mwezi ya watu wanaoingia intaneti kwa laini ya simu ya mezani, intaneti ya kasi ilipofika wateja wakaanza kuhama. Sasa we ukisoma ripoti usiangalie idadi ya watumiaji peke yake, tafuta wanalipa nini na kesho wana sababu gani ya kuendelea kulipa.

HATUA YA 3: Tafuta gudwili kwenye mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya kampuni. Ukinunua duka la Buzebazeba kwa milioni 10 na mali iliyomo ni ya milioni 3, ile 7 uliyolipia jina na wateja ndo gudwili. Wateja wakikimbia lazima uifute, na kufutwa kunaingia kwenye hesabu kama hasara. AOL Time Warner mwaka 2002 walitangaza hasara ya karibu dola bilioni 99, sehemu kubwa ni hiyo. AOL ikatenganishwa na Time Warner 2009, na 2015 Verizon, kampuni ya simu ya Marekani, wakainunua kwa dola bilioni 4.4.

HATUA YA 4: Dili kutangazwa sio dili kukamilika. Kwetu hapa tumeona dili la kununuliwa kwa Tanga Cement, ikatangazwa 2021, 2022 Baraza la Ushindani likatengua kibali, mpaka mwishoni mwa 2023 ndo ikakamilika. Mimi mwenyewe niliwahi kununua hisa za kampuni moja kwa fununu tu kwamba inanunuliwa, hela ya ada ya mtoto kabisa, dili likafa na bei ikashuka, nikakopa kwenye kikoba kulipa shule. Iliniuma sana na ndo maana nawaandikia haya yote.

MASWALI

Mama wa mawese, Ujiji: Shikamoo mwalimu, kwa hiyo wakilipa taslimu ndo salama?

Marahaba mama. Salama kwa anayeuza. Anayenunua bado anaweza kuumia, News Corp, kampuni ya magazeti na tivii, walinunua mtandao wa kijamii wa Myspace 2005 kwa dola milioni 580 na 2011 wakaiuza kwa milioni 35. Kwa hiyo kwanza jua umeshika hisa za upande gani, za muuzaji au za mnunuzi.

Kijana wa Gungu: Kaka na ile ya Vodacom 2017 nayo ilikuwa dili kama hizi?

Hapana mdogo wangu, ile hakuna kampuni iliyomezwa, sheria iliwataka wauze 25% kwa umma, wakauza hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja. We ukiziangalia leo soma mapato ya data na M-Pesa, halafu gawio wanalotoa, hatua ya 2 inakutosha.

Baba wa Bangwe: Nina hisa zangu DSE, Soko la Hisa la Dar es Salaam, za siku nyingi, kampuni ikinunuliwa na mimi nipo zangu shamba Kasulu sijui lolote inakuwaje?

Mzee wangu hili ni la leo leo. Mpigie dalali wako, mpe namba yako ya akaunti ya CDS, ile inayoandikwa hisa zako, uliza namba ya simu na benki walizonazo ndo hizi unazotumia au zile za zamani. Taarifa ya dili ikija inakuwa na bei au uwiano, na ina tarehe ya mwisho ya kujibu, vitu viwili hivyo ndo uvisome kwanza. Kama laini ile ilishapotea, hata ujumbe hautakufikia. Kesho saa nne ntakuwa pale stendi Mwanga, njoo na karatasi zako tumpigie wote.