Mkichinja mbuzi, kagueni maini kabla ya kumpa mbwa

Mkichinja mbuzi au kondoo nyumbani, geuza maini na mapafu uyaangalie vizuri kabla hujamtupia mbwa chochote. Ukiona vifuko vyeupe vilivyojaa maji, vingine vidogo, vingine vikubwa hata kuliko yai la kuku, usivipasue. Humo mna viluwiluwi vya minyoo tegu. Mbwa akivila vibichi, minyoo hukomaa tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi na kunasa kwenye manyoya, na mtoto anayemkumbatia kisha akala bila kunawa anayameza. Uvimbe hukua kwenye ini la mtu kimyakimya kwa miaka, na mara nyingi huishia kwa upasuaji. Kule Turkana, Kenya, wafugaji wameteswa nao muda mrefu.

Kwa hiyo vichome moto, au uvifukie kwenye shimo refu. Kutupa kichakani hakusaidii, pua ya mbwa itafika tu. Mapafu na matumbo ya kumlisha yachemke nusu saa nzima. Halafu mwulize mtaalamu wa mifugo dawa yenye prazikwanteli, maana dawa nyingi za minyoo ya kawaida haziui tegu. Usingoje dalili: mbwa mwenye minyoo hii kwa kawaida huonekana mzima kabisa.