Kuteleza kwa skii mara ya kwanza: maandalizi yanaanzia Moshi

Ukiwa na safari ya Toronto katikati ya majira yao ya baridi, ndugu watakaokupokea huenda wakakushawishi mwende kuteleza kwenye theluji kwa skii, vile vibao virefu vinavyofungwa miguuni. Kubali, ila waombe muanzie kwenye kilima cha jiji, mkaachane na milima mikubwa ya watalii. Jiji la Toronto linaendesha vilima viwili vya namna hiyo ndani ya bustani za umma, Earl Bales na Centennial Park. Ni vifupi, vina sehemu za mteremko mpole, na wanaoanguka ni wengi kiasi kwamba hakuna atakayepata muda wa kukucheka. Sisi tuliozoea kuitazama theluji kwa mbali, juu ya Kibo kwenye mita 5,895, tunashangaa kuikuta nyuma ya nyumba za watu.

Nguo zitafute kabla hujaondoka. Pita soko la Memorial hapa Moshi, kwenye mitumba, na ukiwa na rafiki anayebeba mizigo mlimani, mchukue, kwa sababu kanuni ni ileile ya mlimani: ndani nguo ya sufu au poliesta, katikati sweta la flisi, juu koti lisilopitisha maji wala upepo. Pamba iache nyumbani. Ikishalowa jasho haikauki upesi, na ukisimama tu baridi inakuingia. Jinzi nayo inakunywa maji kila ukikaa chini, na anayejifunza skii hukaa chini sana.

Koti usilipende kwa rangi. Ligeuze ndani nje, uangalie ule utepe uliobandikwa juu ya mishono; ukiona umebanduka, maji yatapita hapo. Vuta zipu mara kadhaa. Kisha dondoshea maji kidogo begani: yakikaa vidonge vidonge na kuteleza, anza kupatana bei, yakizama, lirudishe. Muuzaji atanuna, mwache anune.

Uzoefu wa Kilimanjaro unapotosha kwenye soksi. Wengi hapa wamezoea kuvaa pea mbili kwa ajili ya baridi. Buti la skii ni la plastiki ngumu, linabana kuanzia kisigino hadi kwenye muundi, na soksi ya pili ikijikunja humo utachubuka vibaya. Vaa moja tu, nyembamba, ndefu ya kukaribia goti. Pima pia unyayo wako kwa sentimita, maana saizi za buti hizi hufuata urefu huo, si namba ya viatu vya kawaida.

Skii zenyewe, buti, fimbo na helmeti usinunue; vya kukodi vinatosha. Anayekukodisha atakuuliza uzito, urefu na umri wako. Si umbea. Ndivyo anavyojua akaze kiasi gani vile vifungio vinavyoshika buti. Ukijipunguzia kilo kwa aibu, skii inaweza kuchomoka bila sababu. Ukijiongezea, inaweza kugoma kuachia unapoanguka, na goti ndilo litakalolipa.

Glovu ziwe zisizopitisha maji, miwani iwe ya kuzuia mionzi ya jua. Bima ya safari isome yote, hasa sehemu ya michezo, kwa sababu zipo zinazoikata skii waziwazi.

Mapaja yanahitaji kuandaliwa wiki kadhaa kabla: kuchuchumaa na kuinuka kila jioni kunatosha. Huko, lipia somo la mwalimu, hata kama binamu yako anaapa atakufundisha bure. Binamu atataka mpande juu haraka, mwalimu ataanza na namna ya kupunguza mwendo hadi usimame: ncha za mbele za skii zikaribiane, za nyuma zitanuke. Mjue pia kwamba aliye mbele yako ndiye mwenye haki ya njia, kwa hiyo anayetoka juu ndiye anayepaswa kumkwepa aliye chini yake. Ukitaka kupumzika, sogea pembeni.

Jambo la mwisho ni hali ya hewa. Vilima hivi hutegemea sana theluji ya mashine, nayo haitengenezeki kukiwa na joto; mvua ya siku moja inaweza kufunga kila kitu. Asubuhi ya kwenda, hakikisheni kwanza kama pamefunguliwa, ndipo mpande basi.