Kusoma maelezo ya seting za i3 mpaka uelewe cha kuandika

Wengi wetu hapa Mombasa tumeweka i3, ile programu ya Linux ya kupanga madirisha, kwa laptopu za mtumba maana ni nyepesi, haili RAM, lakini ukifungua maelezo yake kutafuta seting moja waweza kusoma mara mbili tatu na bado hujui uandike nini kwa faili ya seting. Yakhe, anza na alama kwanza. Kilicho ndani ya < > unakitoa na zile alama zake unaweka chako, kilicho ndani ya [ ] ni hiari, na | maanake chagua kimoja. Ukiona focus_follows_mouse yes|no unaandika yes ama no, basi.

Sasa utata wenyewe uko hapa:

assign <criteria> [→] [workspace] [number] <workspace>

Mstari huu waambia i3 dirisha gani lifunguke kwenye workspace gani, yaani ukurasa gani wa madirisha. Mshale, workspace iliyo ndani ya [ ] na number zote waweza kuziacha, lakini ile criteria yenyewe, yaani sifa za kulitambua dirisha, huandikwa ndani ya mabano ya mraba ya kweli, hayo lazima yawepo. Juzi kijana mmoja wa Kisauni alinionyesha faili yake, ameyatoa mabano akidhani nayo ni hiari, i3 ikamgomea. Akitaka Firefox ifunguke workspace ya pili, mstari ni huu:

assign [class="^firefox$"] 2

Na hilo jina usilikisie. Andika xprop kwenye terminali, bonyeza dirisha lenyewe, tafuta WM_CLASS. Utapata majina mawili, kwa mfano "Navigator", "firefox", la kwanza ni instance la pili ndo class, watu wengi huchukua la kwanza alafu wanashangaa mbona hakuna kinachobadilika, na herufi kubwa na ndogo pia zinahesabika, kama hutaki zihesabike tanguliza (?i) ndani ya zile alama za nukuu.

Kingine, toleo. i3 --moreversion itakwambia una toleo gani na inasoma faili ipi hasa, maana waweza kushinda ukihariri ~/.i3/config kumbe yenyewe inasoma ~/.config/i3/config. Gaps kwa mfano, zile nafasi kati ya madirisha, ziliingia i3 yenyewe toleo 4.22, mwaka 2023, kabla ya hapo ilibidi uweke i3-gaps, nakala ya i3 iliyoongezwa gaps, hivo mwenye Ubuntu 22.04 na i3 iliyokuja nayo akinakili mistari ya gaps atapewa kosa na hajakosea kuandika.

exec na exec_always, za kuwashia programu nyingine, nazo zinasumbua: exec ni ukiingia tu, exec_always inarudia kila ukirestart i3, na reload, yaani i3 kusoma faili upya bila kurestart, haiendeshi yoyote kati ya hizo.

Badilisha mstari mmoja kwa wakati, pima na i3 -C, itakuonyesha mstari wenye kosa, ikinyamaza piga i3-msg reload. Firefox iliyokuwa wazi tayari haitahama, ifunge uifungue upya.