Chenso (msumeno wa injini) haishiki sailensi? Anza na vumbi, bisibisi baadaye

Wenzangu mnaopogolea mijohoro na miarobaini huku Dodoma, chenso ikizima kila ukiachia resi, yaani haishiki sailensi (injini kuunguruma taratibu bila resi), usikimbilie skrubu. Kiangazi hiki vumbi letu linaziba chujio la hewa upesi sana. Litoe, likung'ute, lioshe kwa maji ya sabuni kama ni la kuoshwa, likauke kabisa. Mashine nyingi hupona hapo hapo.

Bado inazima? Iwashe ipate moto kwanza, maana kabureta (kinachochanganya mafuta na hewa) hairekebishwi injini ikiwa baridi. Laza chenso chini, mnyororo usiguse kitu. Skrubu ya sailensi imeandikwa T au LA: izungushe kufuata mshale wa saa kidogo kidogo mpaka injini itulie. Mnyororo ukianza kutembea wenyewe umezidisha, rudisha mara moja. Hiyo ndiyo inayokata watu miguu.

Ukivuta resi ikakwama kwanza ndipo ipande, fungua skrubu ya L (ya mafuta ya mwendo wa chini) kinyume na saa, robo ya robo ya mzunguko tu. Kama mashine ilirekebishwa Dar, kuna uwezekano mkubwa ikahitaji kinyume chake: Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mafuta yanazidi. Inatoa moshi na kuzima. Hapo kaza L kidogo, kisha rudia T au LA.

Skrubu ya H (ya mafuta ya mwendo wa kasi) niachie. Ukiikaza kwa kubahatisha, pistoni inaungua, na bei ya pistoni mnaijua.