Jinsi ya kuingia kazi ya mauzo Mombasa, na kuifanya ipasavyo

Vijana wanaotaka kazi hii huniuliza kama ni lazima mtu awe na mdomo. Mimi nauza mafuta ya kupikia na sabuni kwa maduka ya rejareja, kuanzia Kisauni mpaka Mtwapa, na huwajibu kuwa mdomo utakuuzia mara moja tu. Mwenye duka wa Mshomoroni husikiliza maneno ya wauzaji tangu anapofungua mlango. Anayepewa oda kila wiki ni yule aliyesema atakuja Jumanne, na Jumanne akaonekana, tena akijua rafu imebaki na nini.

Ukifika dukani, weka kitabu cha oda mkobani. Salimu. Kama ni mzee, muite Ami. Mama mtu mzima mpe shikamoo yake na umuulize hali ya nyumbani, kisha usikilize jibu. Wateja wakiwepo, simama kando. Hata mtoto aliyetumwa unga robo ana haki ya kutangulia, maana pesa yake ndiyo itakayonunua mzigo wako. Wakati huo macho yako yahesabu: sabuni ngapi zimebaki, dumu la mafuta ya kupima limefika wapi, bidhaa za mwenzako zimewekwa mbele ya zako au la.

Zamu yako ikifika, zungumza kwa hesabu.

"Ami, sabuni zimebaki nne, na wiki iliyopita nilikuachia katoni nzima. Nikuandikie mbili?"

"Moja, mwanangu. Mwezi umekonda."

"Haya, moja leo. Ya pili nitakuletea baada ya tarehe tano, watu wakishalipwa."

Hapo usisukume. Ukimjazia duka bidhaa zisizotoka, zitakaa zikipigwa vumbi, na safari ijayo atakuambia mwenyewe hayupo ilhali ndiye huyo anayekuambia.

Bidhaa mpya ndiyo inayompima muuzaji. Mwenye duka hataki kusikia habari za harufu nzuri na povu jingi. Anataka kujua atabaki na nini. Mpigie hesabu mbele yake. Tuseme katoni ni shilingi 1,200 na ina vipande 24: kila kipande kinamgharimu 50. Akiuza 60, katoni inampa 240. Halafu muonyeshe nembo ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa sababu bidhaa bandia zimewatia wengi hasara. Akisita, muombe achukue nusu dazani kwanza. Na ujue mtaa unanunuaje: kuna sehemu za Kisauni ambako mafuta hununuliwa kwa kupimiwa, ya shilingi ishirini au thelathini, na chupa ya lita mbili itakaa rafuni mpaka ichoke. Huko Nyali mambo ni mengine kabisa.

Jifunze kalenda ya mji huu kama unavyojua njia ya kwenda kwenu. Ijumaa maduka mengi hufungwa adhuhuri kwa ajili ya sala, basi maliza ruti yako mapema au urudi baadaye. Ramadhani sukari, unga wa ngano, tende na mafuta hutoka kwa kasi, lakini mwenye duka aliyefunga hapendi maneno marefu alasiri. Mwendee asubuhi au baada ya tarawehe. Desemba wageni kutoka bara hujaa Bamburi na Mtwapa. Januari ni karo za shule, kwa hivyo uza vipimo vidogo. Mvua za masika zikishika, vichochoro vingine havipitiki kwa tuktuk, na utatembea. Ukipewa ruti ya Likoni, shukuru kidogo: asubuhi umati hutoka huko kuja kisiwani, nawe kwenye feri unakwenda kinyume chao.

Sasa madeni, na hapa nakuomba usome polepole. Karibu kila duka litaomba lichukue leo lilipe wiki ijayo, na ukikataa wote hutauza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mzigo wa mkopo uandikiwe ankara yenye tarehe, kiasi, na jina la aliyepokea, kisha ipigwe sahihi na mhuri wa duka. Mara nyingi anayepokea ni kijana wa dukani, na mwezi ukiisha tajiri husema hamjui. Piga picha ya ankara hiyo papo hapo. Duka likiwa na deni la zamani, lisiongezwe jipya mpaka la kwanza lipungue, hata kama mwenyewe ni jamaa yako. Hapo hasa kama ni jamaa yako.

Pesa za kampuni zilipwe kwa namba ya kampuni ya Lipa na M-Pesa. Zisipitie simu yako hata mara moja, hata mteja akisema ni haraka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu, pale mkataba unaposema mfanyakazi amekabidhiwa pesa hizo. Rekodi safi ndiyo kinga yako.

Kabla ya kutia sahihi mkataba, uliza kamisheni inahesabiwa juu ya mzigo uliouzwa au pesa zilizokusanywa. Ni tofauti kubwa sana. Uliza nani analipa nauli na kadi za simu, na bidhaa zikirudishwa kwa kuharibika hasara ni ya nani. Ajira ya miezi mitatu au zaidi yapaswa kuwa kwa maandishi.

Na kuingia je? Cheti cha sekondari, kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) na cheti cha tabia njema cha polisi vitakutosha sehemu nyingi. Stashahada ya biashara inasaidia, ila wasambazaji wengi huangalia zaidi kama umewahi kuuza. Mimi nilianza nikiwa promota kwenye supamaketi, nimesimama kutwa nikionjesha watu juisi, na pale ndipo nilipojifunza mteja hutazama nini kabla ya kunyoosha mkono. Wengine huanza kwa kupakia mzigo kwenye gari la kusambaza. Ukijua kuendesha pikipiki na una leseni, umewatangulia wengi.

Usitume barua pepe na kungoja. Nenda soko la Kongowea asubuhi, magari yakipakiwa, vaa nadhifu na viatu vya kutembea, umtafute msimamizi wa mauzo wa msambazaji. Mwambie unakaa mtaa gani na maduka gani ya huko unayajua, yanauza nini na yanakosa nini. Zunguka siku mbili kabla ya hapo uyaandike. Atakayekudai pesa ya fomu au ya mafunzo ndipo akuajiri, muage kwa heshima uende ghala linalofuata.