Nyumba ya mawe ya wazee, usipige lipu ya simenti

Wale wenye nyumba za urithi huku Bagamoyo Mji Mkongwe, naomba mnisikilize kabla hamjamwita fundi. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinanyonya unyevu na kuutoa, sasa ukizikandika simenti maji yanakosa pa kutokea, yanabaki ndani na chumvi yake, baada ya masika mbili tatu unaona lipu imevimba, ukigonga inalia kama debe tupu, ukibandua jiwe la ndani linamomonyoka kwa kidole. Na boriti zilizoingia kwenye ukuta ule zinaoza kimyakimya kwenye ncha, huko ndiko dari linaanzia kuanguka.

Tumia chokaa jamani. Iloweke kwenye pipa wiki kadhaa, mchanga uwe wa mtoni, wa ufukweni una chumvi, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, piga tabaka jembamba jembamba na umwagilie lisikauke haraka kwa jua hili letu.

Kibali cha Mambo ya Kale, yaani idara ya serikali inayosimamia majengo ya kihistoria, ulizia mapema, maana majengo mengi pale yanalindwa kisheria.

Halafu mlango! Kabla haujang'olewa upige picha kila upande, andika namba kwa chaki kwenye kila kipande cha fremu, na umkalishe bibi au shangazi mkubwa pale barazani akuelezee nani alilala chumba kipi, umrekodi kwenye simu.